Wizi Wote kwa Siku Moja

Mpaka leo nikisikia neno tuzo, kichwa kinaniuma.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Ujamaa, kijijini kwetu karibu na Zagayu. Baba alikuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi. Mwano, yowe la hatari, ukipigwa, kila mwanamume alitoka na upinde wake, wakafuata nyayo za ng'ombe walioibwa hata siku tatu. Wizi ulikuwa umekoma. Mhadhiri mmoja kutoka Dar, aliyekuwa akitafiti uhalifu, akampendekeza baba kwa tuzo ya kimataifa. Angeitwa Ulaya kuipokea. Baba, ambaye hata Mwanza hakuijua, akapimwa suti kwa fundi.

Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kijiji, kwa hiyo fomu iliniangukia mimi. Swali moja lilitaka ushahidi wa polisi kwamba wizi umepungua. Nikaendesha baiskeli hadi kituoni. Askari akafungua daftari: kijiji chetu hakijawahi kuibiwa hata kuku. Nani kwetu angepoteza muda kuripoti, wakati wezi wanatokomea na mifugo?

Nikamweleza baba kwamba bila wizi wa zamani kuandikwa, hakuna kilichopungua. Kosa langu ni kumweleza halafu kuondoka.

"Ng'wanawane, mwanangu," alisema, "kama wanataka wizi, tutawapelekea."

Nikiwa kwenye semina Maswa, akaongoza kijiji kizima kituoni kuripoti ng'ombe walioibwa miaka yote, hadi ndama wa marehemu babu. Askari maskini aliandika mpaka mkono ukafa ganzi. Na kila wizi akauandikia tarehe ya siku ile, maana ndiyo siku waliyoripoti.

Niliporudi nilitamani kulia kwa hasira. Kijiji kitulivu kuliko vyote kilikuwa, kwa mujibu wa daftari, kimevamiwa na wezi kwa siku moja. Wakubwa wakashtuka. Amri ikatoka: sungusungu wetu wameshindwa kazi, wavunjwe. Nilieleza, nikaeleza tena. Kila ofisi ilinisomea daftari lile lile.

Tuzo ikaenda kwa wengine. Mwezi haukuisha, wezi wakaswaga ng'ombe wetu wote mchana kweupe. Mwano haukupigwa, amri ni amri.

Nikachukua baiskeli, nikamwambia baba apande nyuma, twende tukaripoti.

Alikuwa ameketi kwenye samadi katikati ya zizi tupu. Hakuinuka.

"Hao wameshaandikwa," akasema.