Kope la Shangazi

Kijijini kwetu Kasense kila mtu ni daktari. Ukichoka ni malaria, ukichoka zaidi ni taifodi, na kope la jicho likianguka jioni, ni pombe. Shangazi yangu alipewa jibu hilo la mwisho na kwaya nzima, bila kupimwa.

Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo, kwa sauti nyembamba kama upepo unaopita kwenye mahindi mabichi. Jumapili asubuhi aliimba hadi watoto wakaacha kulia. Lakini kwenye mazoezi ya jioni, baada ya kushinda shambani akivuna ulezi, kope la kushoto lilishuka, maneno yakawa mazito mdomoni, na alimwona mwalimu wa kwaya kama watu wawili. Bahati mbaya alikuwa anapika pombe ya ulezi ya kuuza. Hakuwahi kuinywa, lakini ushahidi gani tena ulihitajika?

"Dada, leo umeonja debe zima?" mwalimu aliuliza, na wenye sauti ya pili wakachekea kwenye vitenge vyao.

"Sijaonja hata kijiko, mwalimu."

"Asubuhi malaika, jioni kilabuni! Ukiendelea hivi, sikukuu ya parokia ataanzisha mwingine."

Shangazi alilia njia nzima. Kumnyima kuanzisha wimbo ilikuwa sawa na kumnyima jina lake.

Nikampeleka hospitali mjini. Kama wagonjwa wote wenye adabu, tulifika alfajiri kuwahi foleni. Baada ya kulala usiku kucha, alikuwa na macho makubwa kama ya ndama. Daktari alimwandikia dawa za malaria, labda kwa sababu ndizo zilizokuwa karibu. Tuliporudi, alfajiri vilevile, akapewa za taifodi. Ugonjwa unaosubiri jioni ndipo uamke haujui taratibu za serikali.

Kilichomwokoa ni uzembe. Siku nyingine daktari alichelewa, tukakaa kwenye benchi mpaka jua likageukia magharibi, baridi ikitutafuna magoti. Wote tulilaani. Alipotokea, kijana mgeni mwenye usingizi, kope la shangazi lilikuwa limeshaanguka.

"Shikamoo mama. Tazama dari, usishushe macho."

Shangazi akatazama. Makope yote mawili yakashuka taratibu, kama jua linavyozama kwetu Ufipa, bila kelele.

"Amechoka tu," nikasema. Mimi nami ni wa Kasense.

"Ndiyo, misuli ndiyo inayochoka," alijibu. Akaeleza kwamba kinga ya mwili wa shangazi imegeuka adui, inazuia amri za neva zisifike kwenye misuli. Akiitumia inalegea, akipumzika inarudi. Ni ugonjwa wa nadra. Akishindwa kumeza au kupumua, akimbizwe hospitali hata kama foleni imefungwa. Akamtuma Mbeya kwa vipimo, na huko wakathibitisha, akarudi na vidonge.

Mazoezi ya mwisho kabla ya sikukuu, shangazi alianzisha kila wimbo mpaka jua likazama, macho wazi.

"Mimi nilijua tangu mwanzo kwamba ni ugonjwa," mwalimu akatangaza.

"Asante, mwalimu," shangazi akasema. "Siku zile nilikuwa nakuona wawili. Namshukuru Mungu leo uko mmoja. Mmoja ananitosha kabisa."