Shuka la Torborg wa Merdø

Mfalme wetu kule Copenhagen, aliyetawala Denmark na Norway pamoja, alitaka kukaa kando wakati Waingereza na Wafaransa wakichinjana. Waingereza wakamwambia hakuna cha kukaa kando. Wakamkokotea manowari zake zote, kisha wakaiziba bahari yetu ya Norway. Nafaka ikakoma. Tukala mkate wa magome ya misonobari, mgumu hata panya wa kisiwa cha Merdø wakafunga virago kuhamia Sweden. Mmoja alionekana kabeba mtoto mgongoni.

Wanaume walivuka kwa mashua hadi Jutland, pwani ya Denmark, kutafuta shayiri. Wakirudi, walijibanza nyuma ya visiwa vya nje na kuitazama nyumba ya Torborg juu ya mwamba. Shuka jeupe likianikwa upande wa bahari, njia ni salama. Lisipokuwepo, Mwingereza yupo.

Siku moja mzee Jørund, mlinzi wa kilimani, alipaza sauti: "Torborg mwanangu, meli ya Mwingereza! Usianike!"

Torborg alisikia. Lakini mvua ilikuwa imenyesha wiki tatu, jua ndiyo kwanza limetoka, kesho yake anambatiza mwanawe, na shuka la harusi linanuka uvundo. Akajiambia, nusu saa tu.

Katika nusu saa hiyo Salve, mume wa jirani yake Anlaug, alitoka mafichoni na magunia yake kumi na mawili. Akakamatwa, akapelekwa kufungwa Uingereza.

Kisiwa kizima kikamlaumu Jørund kwamba hakuonya: kalala, kalewa, kanunuliwa. Torborg kimya. Miaka miwili hakuna aliyemsalimia mzee yule. Kila Jumamosi Torborg alimpelekea Anlaug mkate, na Anlaug akisema, "Mungu akuzidishie, dada," Torborg aligeuka upesi kurudi kwake.

Jumamosi moja Anlaug akasema, "Jørund mgonjwa. Na afe tu, mbwa yule."

Torborg akashindwa kuvumilia. Akamshika mkono, akamkokota hadi kwa Jørund, na hapo mlangoni, mkate ungali kwapani, akasema yote.

"Kwa ajili ya shuka?" Anlaug akauliza.

"Shuka."

Jørund akakohoa kitandani. "Lo! Miaka miwili nimestarehe, hakuna wa kuniomba tumbaku. Sasa mtaanza tena."

Hakuna aliyecheka. Anlaug akampokonya Torborg mkate, akaupasua kwenye kizingiti, nusu akamwekea mzee kifuani, nusu akaondoka nayo bila kuaga.

Torborg akabaki wima, hajui aondoke au aketi.

"Keti," Jørund akasema. "Ila usinisemeshe."