Vidonge vya Mtu Mmoja

Nyumbani kwetu Kasenga hakuna mtoto aliyekula peke yake. Samaki akiwa mmoja, alikatwa vipande vitano, na ole wake aliyepora cha mwenzake. Katika jambo hilo mama alikuwa mkali kuliko hakimu.

Mgonjwa nilikuwa mimi. Mara mbili koo liliniuma, ikafuata homa, kisha magoti yakavimba hata nikabebwa mgongoni kwenda chooni. Aibu iliyoje kwa msichana wa miaka kumi! Mwuguzi wa zahanati alimweleza mama kwamba maradhi hayo yakirudi tena na tena yataharibu moyo wangu. Akampa vidonge vya penisilini: kimoja asubuhi, kimoja jioni, hata siku ninazocheza vizuri.

Mama alitii, kwa namna yake. Alitugawia sote watano kwa zamu. Magoti yangu yakavimba tena.

Uhuru ulikuwa bado mchanga, na waasi walikuwa wameshika mji. Mama alinibeba hadi zahanati, akavuka kizuizi chao bila kumtazama mtu. Mwuguzi aliniona, akakunja uso.

“Mama, hizi dawa ni nani alikuwa anazikunywa?”

“Batoto yote, muganga. Miye siwezi kupatia moja, wengine banaangalia tu.”

Mwuguzi alifoka, halafu akacheka. Mimi nilimchukia kwa kicheko kile.

“Basi huyu tutamuchoma shindano kila mwezi. Tuone kama wengine bataomba yao.”

Hakuna aliyeomba. Dawa ile nzito ya sindano iliuma kama teke la ng’ombe. Kinga ni bora kuliko tiba, sawa, lakini aliyesema hivyo hakuchomwa pale nilipochomwa mimi. Risasi zililia upande wa bonde, nasi tulikwenda vilevile, mwezi baada ya mwezi. Magoti yakatulia. Mama hakutulia, kwa kuwa moyo hauonekani.

Mji ulipopata amani, mwuguzi aliniwekea chombo chake kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu. Mama alikuwa ameshikilia meza.

“Moyo iko muzuri, mama.”

Hakumwamini. Basi mwuguzi akamvika mama mipira ya chombo kile masikioni. Mama akasikiliza, akalia, akacheka huku analia. Nilijisikia mwepesi, sijui nisemeje. Watu kwenye foleni wakaanza kunung’unika, mwuguzi akanyoosha mkono kudai chombo chake, na mama akamwambia angoje, yeye bado anasikiliza.