Mwamba Aliousaga Bibi

Basi liliondoka Moshi alfajiri, na lilipopita Katesh mgongo wangu ulikuwa umekufa ganzi. Kutoka Singida Mjini nilichukua bodaboda mpaka Issuna, kijijini kwetu. Miaka mingi nimekuwa mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Kule juu kuna miamba iliyolainishwa na barafu nzito, iliyoteremka polepole ikiburuza mawe chini yake. Kila nikiipapasa, rafiki yangu, nasikia harufu ya unga wa uwele. Ndiyo maana nimerudi, ingawa nyuma ya nyumba yetu sasa pana shimo tu, na maji ya mvua.

Hapo ndipo ulipokuwa mwamba mpana. Bibi alisagia uwele juu yake tangu alipoolewa, akisukuma jiwe mbele na nyuma, mpaka pakachimbika bakuli laini. Mkwaruzo wake ndio uliotuamsha asubuhi.

Siku moja mwalimu wa jiografia alisema barafu ndiyo iliyochonga kilele cha Kilimanjaro. Darasa zima likacheka. Barafu tuliyoijua ni ile ya ubuyu, ya kwenye mfuko wa nailoni, iliyoletwa kwa baiskeli. Nilipomsimulia bibi, hakuacha kusaga.

"Barafu ya kunyonya ichonge mlima? Mwalimu wenu kapigwa jua."

Nikamweleza kwamba ile ni nzito, na kwa chini imeshika mawe. Akalitazama jiwe mkononi mwake.

"Kumbe inasaga," akasema. "Hapo sawa."

Nilipomaliza kidato cha nne, baba mdogo alikubaliana na wapasua kokoto za barabara wapasue mawe ya kwetu. Bibi alimwomba awaachie miamba mingine yote, ila ule mmoja waubakize. Akajibiwa kuwa mashine ya kusaga ipo sokoni, ajitese kwa nini. Wapasuaji walipofika na nyundo, walimkuta juu ya mwamba, anasaga.

"Mama, shuka, watu wanangoja," baba mdogo akamwita.

"Umekua kwa unga wa hapa. Ngoja nimalize."

Hakuna aliyethubutu kumgusa. Uwele ulipoisha, alipangusa lile bakuli kwa kiganja, akashuka mwenyewe. Tulikula ugali ule mchana, na mlenda, nyundo zikilia nyuma ya nyumba. Ulikuwa na mchanga kidogo, kama siku zote. Yeye hakuugusa.

Jioni lori la kokoto lilipoondoka, nilikuwa juu yake, naenda kutafuta kazi. Bibi alisimama mlangoni, mikono imening'inia, haina kazi.