Niliacha Pasta Wetu Aamini Amesahau Biblia

Admin, tafazali ficha jina yangu, juu huku kwa muji wetu wa Baraka tunajuana mpaka kwa kukohoa. Mi ni dada wa miaka 26, sijaolewa, na ni mi naandikaka blogue ya kanisa yetu. Bapendwa, musinitukane mbele ya kumaliza kusoma.

Pasta wetu ni muzee wa miaka 74. Wakati baba yangu alikufa, ni yee alinisomesha, hata viatu vya kwanza vya masomo ni yee alinunua. Mahubiri anatoaka kwa kichwa, bila karatasi. Anasema "Zaburi 34, mustari wa 19," anaendelea. Mi narekodi kwa telefone, kisha naandika kwa blogue, na ndugu zetu benye walihamia Amerika banasoma.

Mwaka jana nikaweka kaprogramu kadogo, banaita plugin. Ukiandika tu Zaburi na namba yake, kenyewe kanageuza kuwa lien, ni kusema kiungo. Muntu akigusa, maneno ya Biblia ya Kiswahili inafunguka palepale. Weee, nilijisifu! Nikaambia komite ya kanisa, "Sasa hakuna kubahatisha, mashine haikosei."

Haikukawia. Muntu mumoja akaandika chini ya mahubiri: "Pasta anasema Mungu iko karibu na benye moyo imevunjika, mi nagusa lien naona mateso ya mwenye haki. Muzee ameanza kuchanganya?" Bengine bakacheka. Kwa Zaburi 51 vilevile, lien ikafungua mustari mwengine. Komite ikatuita kwa bureau, mi na Pasta. Mukubwa wa komite akaniuliza, "Binti, ni we unaandika vibaya, ao ni yee anasema vibaya?"

Nikajibu, "Mi naandika tu vile anasema."

Haikuwa uongo. Lakini niliona Pasta anatazama mikono yake. Tulipotoka akaniambia, "Asante binti yangu. Heri we unionyeshe nimezeeka kuliko bantu ba inje."

Kisha siku kumi kupita nikaenda kusalimia mama Pasta, muke wake. Biblia ya Kifaransa ya muzee, ile alisomeaka ujana wake, wakati macho yake ilikuwa bado inaona maandishi, ilikuwa kwa meza. Nikaifungua tu hivi. Admin, nikatoa telefone, nikalinganisha na ya Kiswahili. Katika ile Biblia, maneno ya juu ya Zaburi, yale ya "Zaburi ya Daudi", yanahesabiwa kama mustari. Kwa yetu ya Kiswahili hayahesabiwe. Njo maana 19 yake ni 18 yetu, na kwa Zaburi 51 inaruka mistari mbili. Muzee hakukosea hata siku moja! Mashine nayo haikukosea. Ni mi sikuuliza.

Nilipaswa kukimbia kwa komite ileile siku. Sikuenda. Juu ya nini? Haya na kiburi tu. Komite ilikuwa imetoka kunipa kazi ya kufundisha bijana mambo ya mtandao, bakanipigia makofi. Nikasema nitaenda kesho, kesho ikazaa ingine, na sasa ni miezi miwili.

Pasta ameandikia komite barua, anaomba kupumuzika. Siku ya Mungu inayokuja, Jumapili, anaaga. Mama Pasta ananiambia muzee anakaa kwa kiti muchana muzima, anataja majina ya bajukuu bake moja moja, aone kama bado anabakumbuka.

Jana akanipigia telefone. "Binti, kwa kuaga nataka Zaburi 71, mustari wa 9, ile muntu anaomba Mungu asimutupe wakati wa uzee. Niangalilie basi. Iko sawa, ao nimekosea tena?"

Ile Zaburi haina maneno ya juu. Namba ni moja kwa Biblia zote mbili. Nikasema, "Iko sawa, Pasta."

Akacheka kwa furaha. "Mungu asifiwe! Angalau moja imebakia."

Bapendwa, nikimuambia yee peke yake, namujua, atanisamehe palepale na kunikataza nisijihaibishe mbele ya bantu. Ataondoka vilevile, na kanisa itabakia ikisema muzee alichanganyikiwa. Nikisimama mbele ya bote, nitamupasulia moyo siku yake ya mwisho, aone ni mutoto aliyemulea njo alimufanyia hivi. Nianzie wapi? Munishauri, lakini musikawie, imebakia siku mbili, na ananingoja nimuandikie maneno ya kuaga.