Maji Yanayorudi Bila Mvua

Nikifungua gunia la chumvi ya ng'ombe wangu, wanono kuliko wote hapa Endasak, harufu yake hunirudisha kwenye safari ya utotoni na baba, kwa basi la kanisa, kuzunguka fukwe za pwani.

Tulifika ufukwe wa kwanza jioni, bahari imejaa. Nilitaka kuingia palepale.

"Utaoga kesho," baba alisema.

Asubuhi maji yalikuwa yameondoka, yameacha tope na majani yanayonuka. Baba akanishika mkono kwa nguvu. Kwetu ziwa likikauka, watu huhama.

"Shikamoo mzee. Yamekupwa tu, jioni yatajaa," mama mwenyeji aliyetupikia alimwambia.

"Marahaba. Yatajaa kwa mvua gani?"

Yule mama alicheka. Baba hakucheka.

Jioni maji yalirudi kweli. Wenzangu wakajirusha humo wakipiga kelele, nami nikaanza kuvua viatu.

"Vaa," baba alisema. "Maji yanayorudi bila mvua yametumwa na mtu."

Majuzi niliwapeleka wanangu ufukwe uleule, kwa gari langu mwenyewe. Mimi mwenye diploma niliwaeleza vizuri jinsi mwezi unavyovuta bahari. Walipoingia majini nilibaki mchangani, viatu nimevifunga kamba, macho kwenye maji.