Ndiyo ya Fundi Sixten

Kiwanda cha akina Sixten, kaskazini mwa Uswidi, huunda magari ya kijeshi yanayotembea kwa minyororo badala ya matairi. Kuyauza ni kazi ya wengine. Kazi ya Sixten ni kuyatunza baada ya kuuzwa, iwe theluji iwe tope, mpaka yazeeke. Akiitwa hakatai, ila hasemi. Watu wa kule ni mabahili wa maneno, na hata wakikubali jambo mara nyingi huvuta tu pumzi kwa ndani, shup, kama mtu aliyeonja uji wa moto. Hiyo ndiyo ndiyo yao.

Siku moja akaja Kanali Bressan, mnunuzi kutoka kusini, mtu wa maneno mengi. Mkataba wa matunzo ulikuwa mezani. Bila huo, karakana ya Sixten ingefungwa.

"Niambie wewe fundi, si hawa wenye tai," alisema kanali. "Magari yangu mtayatunza miaka thelathini?"

"Shup," alijibu Sixten kwa moyo wake wote.

Kanali alishtuka. "Kaumwa na nini huyu?"

"Amekubali," alisema bosi, Ann-Kristin.

"Kukubali gani huko? Kama kakanyaga nyoka! Fundi, mtatunza au hamtunzi?"

"Shup." Safari hii alivuta kwa nguvu zaidi. Kanali akafunika kalamu yake.

Ann-Kristin alimwinamia. "Sixten, nakuomba. Tumia mdomo."

Jasho lilimtoka fundi wa watu. "Hatutawaacha," akasema kwa sauti. "Yakiharibika tutakuja. Yakizeeka tutakuwa nayo. Hatutawaacha kamwe."

Mlangoni alisimama Gunborg, mkewe, mpishi wa kantini, na birika la kahawa mkononi.

"Makubwa haya," alisema. "Nimeolewa naye ujana wangu wote, sijaambiwa hata nusu yake."

Kanali alicheka, akafunua kalamu, kisha akasita. "Basi mwambie. Asiyemwahidi mkewe, mimi ataniahidi nini?"

Sixten aliitazama kalamu, akamtazama mkewe. Masikio yalimwiva.

"Gunborg," alisema. "Na wewe sitakuacha."

Aliona haya, na aliona uchungu pia kwamba maneno mepesi hivyo alikuwa amemnyima miaka yote. Kanali akatia sahihi.

"Kahawa inapoa," alisema Gunborg, akammiminia mumewe kwanza, kabla ya wageni.